Laptopu ya Sabdio Ilivyomkosesha Ikhlas Raha

Saa nne asubuhi, jua la Garsen limeshaanza kuuma mabati. Ndani ya chumba kidogo nyuma ya duka la madera, Ikhlas Dhadho anapuliza vumbi kwenye matundu ya laptopu yake, kama mtu anayechochea jiko, kisha anaiweka juu ya trei tupu ya mayai ili hewa ipite chini. Feni ya mezani anaigeuza iielekee mashine. Yeye mwenyewe anajipepea kwa mtandio.

"Mimi nikipata joto natoka jasho tu," anasema. "Hii ikipata joto inazima, na kazi inapotea."

Kwenye kioo, bi harusi wa kijiji cha Ozi ameketi amefunikwa kanga, mashangazi wamemzunguka wanaimba. Ikhlas anakata, anaunganisha, anarudisha nyuma. Anasimama pale mama wa bi harusi anapogeukia ukuta kufuta machozi, akidhani hakuna anayemwona. Kipande hicho anakiacha kirefu.

Nje, gari linapita likipiga honi za harusi. Ikhlas anaondoa mkono kwenye mashine na kutega sikio mpaka honi zinapokata kona na kufifia upande wa barabara ya Witu. Kisha anacheka kama mtu aliyekamatwa.

"Umeona? Bado nasikiliza linaelekea kwa nani."

Anayemsikilizia ni Sabdio, mpiga video mwenzake. Kabla ya mazungumzo haya kuanza, Ikhlas alimwomba mwandishi asilitaje jina hilo. Chai ilikuwa haijapoa alipolitaja yeye mwenyewe, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka akachoka kujizuia.

"Andika tu. Garsen nzima inajua, na mwenyewe anajua. Kuna wivu, kuna kijicho, na kuna husuda. Mimi nimepita vituo vyote."

Ikhlas, mwenye umri wa miaka thelathini na mitatu, alizaliwa Madogo, ng'ambo ya mto kutoka Garissa, katika familia ya Wamunyoyaya waliolima ndizi na maembe kwenye kingo za Tana. Aliletwa Garsen na ndoa. Mumewe, Idris, ni fundi wa malori, na mtoto wao wa kwanza ni Mahmud, ndiyo maana mjini watu wengi humwita Mama Mahmud.

Kazi ya video aliingia kwa sababu ya mlango ambao wanaume hawapiti. Siku ya hina, na ile jioni wanawake wanapocheza peke yao, hakuna mwanamume anayeruhusiwa kuingia na kamera. Wapiga picha wa mji walikuwa wanabaki nje kuwapiga picha wazee na sinia za pilau.

"Utamu wote ulikuwa ndani, na ndani hakukuwa na kamera," anasema. "Nikaanza na simu. Baadaye nikapata kamera ya mtumba, Malindi."

Ndani humo wanawake huvua mabuibui, hujipamba, hucheza. Kwa hiyo wanachomlipia Ikhlas si picha peke yake, ni amana. Hajawahi kumtumia mtu wa mbali vipande vyake amtengenezee, hata alipoambiwa Mombasa kuna vijana wanaofanya hivyo kwa bei nafuu. "Picha ya mke wa mtu ikivuja, ndoa yake imekwisha, na mimi pia nimekwisha."

Msaidizi wake wa kwanza alikuwa Sabdio, binti wa jirani, kutoka familia ya wafugaji wa Kiorma. Ikhlas alimfundisha kushika taa, kisha kushika kamera, kisha kufuta vipande vyote mbele ya mwenye harusi akishakabidhiwa filamu yake. Wakafanya kazi pamoja miaka minne, wakila sahani moja kwenye harusi za watu kuanzia Kipini hadi Kinakomba.

Tatizo lao lilikuwa laptopu. Ilikuwa kuukuu, imetolewa ofisini ikiwa imechoka. Vipande vya video vikishapangwa, kompyuta huviunganisha kuwa filamu moja, kazi ambayo Ikhlas huiita kupika. Laptopu ile ilikuwa inapika siku nzima, ikifika karibu na mwisho inaganda, anaanza upya. Wateja walikuwa wakingoja mwezi mzima.

"Hina inafifia mikononi, bi harusi anashika mimba, filamu bado," anasema. "Lakini walingoja. Wangeenda kwa nani?"

Jibu la swali hilo lilikuja ndani ya begi la kaka yake Sabdio. Kijana huyo anaendesha magari Qatar, na aliporudi likizo alikuja na laptopu nene ya kuchezea gemu za mpira, yenye herufi zinazowaka nyekundu, kijani na samawati. Siku ya kurudi kazini akamwachia dada yake.

Mtaani watu walicheka. Mwanamke mzima na kompyuta ya gemu? Ikhlas naye alicheka, na anakumbuka kwamba alicheka kwa sauti kuliko wenzake. Hakujua kwamba ndani ya mashine za aina hiyo mna kadi maalumu ya kuchora picha kwa kasi, na kadi hiyo hiyo ndiyo inayorahisisha kazi ya video.

Sabdio alipika filamu ya harusi moja wakati watu wanakula chakula cha mchana. Mwezi uliofuata alimwambia Ikhlas, kwa adabu, kwamba angependa kujaribu kusimama peke yake.

"Nikamwambia, Mungu akufungulie mdogo wangu. Nikamkumbatia. Nilipofika nyumbani nikavunja sahani nikiosha vyombo. Idris akaniuliza imevunjikaje. Nikasema imeteleza."

Kufikia msimu wa harusi uliofuata, Ikhlas, aliyekuwa akipata harusi nne kwa mwezi, kila moja kwa takriban shilingi elfu kumi na tano, alibaki na moja. Wakati mwingine hata hiyo moja ilikuwa ya mtu ambaye Sabdio alikuwa hana nafasi naye.

Alianza kufanya mambo ambayo sasa akiyasimulia hufunika uso. Stima ikikatika mji mzima, watu wakilalamika, yeye alikuwa anafurahi kimoyomoyo kwamba na kule kwa Sabdio kumezimika. Kisha anakumbuka kwamba laptopu ya mwenzake ina betri nzima, furaha inamtoka. Akikutana na bi harusi aliyepigwa video na Sabdio, aliomba kuiona filamu, si kwa kuipenda, bali kwa kutafuta kosa. Akiliona kosa, alilala vizuri.

Jeraha lenyewe lilitoka nyumbani. Wifi yake, Tuneya, mdogo wa mwisho wa Idris, alichumbiwa. Ikhlas alianza kupanga atasimama wapi, taa aiweke upande gani. Siku chache kabla ya harusi, mama mkwe wake akamwita jikoni.

"Mama Mahmud, mwanangu," alimwambia, "wewe ni wa nyumbani. Siku hiyo sitaki uchoke. Ukae na wageni, ule, ufurahi. Kazi ya video tumempa Sabdio."

"Alinishika mkono akiniambia," Ikhlas anasimulia. "Alidhani ananipa heshima. Nikasema ahsante, Mama. Ungesema nini?"

Siku ya harusi akaketi mkekani kama mgeni. Sabdio alizunguka na kamera, na kwenye meza ya pembeni laptopu ile ilikuwa imefunguliwa, herufi zinawaka. Shughuli ilikuwa haijamalizika akaonyesha kipande kifupi cha Tuneya akiingia. Wanawake wakaizunguka meza, vigelegele vikapaa. Mama mkwe akafuta machozi kwa ncha ya leso.

"Mikono yangu ilipiga makofi," Ikhlas anasema. "Moyo ulikuwa umekunja ngumi."

Wiki hiyo hiyo aliamua kununua laptopu ya gemu. Alikuwa na akiba ya shilingi elfu sitini na tano aliyoikusanya kwa kazi ya miaka. Kwenye simu alikuwa ametazama video nyingi za watu wanaoeleza namna ya kuchagua, na kila mmoja alisema lake. Huyu anasema tazama kadi, yule anasema tazama RAM, mwingine anasema bila pesa ya kutosha usijisumbue. Mtu mmoja tu mjini angeweza kumweleza akaelewa, naye ndiye ambaye hangemuuliza hata kwa kufa.

Akaamua kwenda kumtembelea. Alibeba maembe, akasema amekuja kumpongeza kwa kazi ya Tuneya. Sabdio alipoingia ndani kuchukua vikombe, Ikhlas akatoa simu apige picha stika iliyobandikwa kwenye laptopu, ile inayotaja kilichomo ndani. Akasikia nyayo. Akabonyeza haraka na kujifanya anatazama saa.

"Nilipofika nyumbani nikafungua picha. Nilipata taa zote, na nusu ya stika. Nusu yenyewe ilikuwa imefunikwa na kidole changu."

Alikwenda Mombasa na picha hiyo. Katika duka moja la kompyuta alipokewa na kijana anayeitwa Valentine, muuzaji, ambaye alimuuliza swali la kawaida la kazi yake.

"Dada, unacheza gemu gani?"

"Gemu ya harusi," Ikhlas akajibu.

Valentine hakucheka. Alimuuliza video zake ni za ukubwa gani, anatumia programu gani, na mfukoni ana ngapi. Alipoonyeshwa picha ya simu, akaitazama kwa muda. "Hapa naona taa tu," akasema. Iliyofanana na ya Sabdio walikuwa nayo, mpya, lakini bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya pesa alizokuja nazo.

Kwa pesa zake, kijana alisema, zipo mbili. Akaweka mezani laptopu nyeusi, nene, mtumba wa Uingereza, ina mkwaruzo mgongoni, betri yake haifiki saa moja, na herufi zake haziwaki. Lakini ilikuwa na kadi nzuri ya picha na RAM ya kutosha. Kisha akaweka ya pili: mpya, nyembamba, imeandikwa kwa mtindo wa gemu, na alipoiwasha, herufi zikang'aa rangi zote.

"Hii ni ya sura," Valentine akamwambia. "Ndani haina kadi yake. Gemu ndogo itacheza, kuandika utaandika. Kwa kazi uliyonieleza, dada, beba hii mbaya."

Ikhlas anasema alimsikia vizuri. Hata leo anaweza kurudia maneno yale. "Lakini nilikuwa sinunui laptopu ya kutengeneza video. Nilikuwa nanunua laptopu ya Sabdio kuiona. Hiyo nyeusi angeiona, angenihurumia."

Akabeba yenye taa. Valentine akamwambia atunze katoni, na kwamba akiirudisha ndani ya wiki moja bila alama, ataongea na mwenye duka.

Huko Garsen, Ikhlas aliiweka meza yake karibu na dirisha. Jioni akifungua, taa zile zilionekana mpaka barabarani. Watu waliingia kuuliza. Mama mkwe alikuja, akasema mashallah. Sabdio mwenyewe akapita, akasimama mlangoni, akasema, "Hongera, dada Ikhlas." Kwa siku mbili Ikhlas alitembea mjini shingo imenyooka.

Siku ya tatu akaanza kazi ya bi harusi wa Kinakomba, aliyekuwa ameahidiwa filamu yake kabla ya kusafiri na mume wake siku ya Ijumaa. Mashine ikaanza kupika. Ikafika robo, ikaganda. Akaizima, akaanza upya. Ikaganda tena, taa zinawaka vilevile, nyekundu, kijani, samawati. Alipunguza ukubwa wa picha, akafunga programu nyingine zote, akaiwekea feni. Laptopu kuukuu ya ofisini ilikuwa angalau inafika karibu na mwisho.

Idris alirudi kutoka gereji, akasimama nyuma yake akifuta mikono kwa tambara.

"Mama Mahmud," akasema taratibu, "lori halichaguliwi kwa honi. Ulinunua taa."

Alhamisi adhuhuri, mama wa bi harusi alikuwa ameshapiga simu mara mbili. Ikhlas akatia vipande vyake kwenye diski ndogo, akajitanda mtandio, akatoka. Alipita mbele ya mlango wa Sabdio, akaenda mpaka dukani, akarudi, akapita tena. Mara ya tatu akaingia.

"Karibu, dada Ikhlas," Sabdio akasema.

"Nina kazi ya watu. Mashine imenishinda."

Sabdio akanyoosha mkono kupokea diski. "Ile ya taa?"

"Ndiyo."

Wakakaa, mashine ikisoma vile vipande. Ikhlas aliona kwamba herufi za laptopu ya Sabdio haziwaki. Mwenzake alikuwa amezizima. "Zinaniumiza macho," Sabdio akasema alipomwona anatazama. "Kaka ndiye aliyezipenda." Kisha, bila kugeuka, akasema, "Siku ile ya maembe ulikuja kusoma stika."

Ikhlas akakunja ncha ya mtandio wake.

"Ungeniuliza, ningekwambia."

"Ningekuulizaje, Sabdio?"

"Kwa mdomo, dada."

Filamu ikapikwa wakiwa wanakunywa chai. Ilipoiva, Sabdio akaipitia kuhakikisha haina kasoro. Palikuwa na kipande ambapo nyanya wa bi harusi, mzee sana, anajaribu kuinuka acheze, anashindwa, anacheza kwa mikono tu akiwa ameketi. Sabdio akakirudisha nyuma, akakitazama. Akakirudisha tena. Hakusema kitu.

"Mpaka leo sijui alikuwa anatazama nini," Ikhlas anasema. "Kama kimemgusa, au kama ameona kosa."

Baadaye Sabdio akafuta vipande vyote kwenye mashine yake, mbele ya Ikhlas, kama alivyofundishwa. Akamtoza shilingi elfu moja.

Malipo hayo ndiyo yaliyomuuma Ikhlas kuliko yote. "Angenifukuza, ningepata sababu ya kumchukia. Angenifanyia bure, ningesema anajionyesha. Alinitoza bei anayomtoza mtu yeyote. Sikupata pa kumshika."

Bi harusi wa Kinakomba aliondoka Ijumaa na filamu yake. Jumamosi, siku ya mwisho aliyopewa, Ikhlas alirudi Mombasa na katoni mkononi. Mwenye duka aliipokea laptopu ile kwa shingo upande na kukata pesa. Ile nyeusi ilikuwa bado ipo. Ili kufidia pengo, Ikhlas aliuza hereni za dhahabu alizopewa na mama yake siku ya ndoa.

"Valentine hakusema, 'Nilikwambia.' Alinifungia tu kwenye mfuko," anasema.

Hiyo ndiyo inayonguruma sasa juu ya trei ya mayai. Ni nzito kama tofali, stima ikikatika haina muda wa kukusubiri, na mchana wa Januari inabidi ipumzishwe kama punda. Lakini inapika. Filamu ya harusi huwa tayari ndani ya siku tano, na wateja wameanza kurudi, mmoja mmoja. Mwezi uliopita alipata harusi tatu.

Je, wivu umekwisha? Ikhlas anatazama dirishani kabla ya kujibu.

"Umepungua makali. Haujaisha. Wiki jana stima ilikatika, nikajikuta natabasamu. Nikasema, astaghfirullah, Ikhlas, na wewe pia uko gizani."

Na sasa limezuka jambo jipya. Sabdio mwenyewe anaolewa baada ya Idi. Mchumba wake ni mfanyabiashara wa mifugo wa Madogo, na huko ndiko atakakohamia, pamoja na laptopu yake. Mtu angedhani Ikhlas angeshukuru, mji ukibaki wake peke yake. Yeye ameona kitu kingine.

"Madogo ni kwetu. Atakuwa anamwona mama yangu kila siku, mimi namwona mara mbili kwa mwaka. Wateja wa kule ni watoto wa shangazi zangu. Hata kwetu atatangulia kujenga jina." Anacheka, lakini macho hayacheki sana.

Siku tatu zilizopita, Sabdio alikuja chumbani hapa. Hakukaa. Alisema bi harusi hawezi kujipiga video mwenyewe, na kwamba kuna msichana wa Hola aliyemtumia bei nzuri, lakini amekuja kwanza kumuuliza dada Ikhlas kama ana nafasi tarehe hiyo.

Ikhlas alimwambia atamjibu kesho yake. Tarehe alikuwa nayo, hakuwa na harusi nyingine yoyote. Alitaka tu Sabdio alale usiku mmoja bila jibu. Asubuhi akamtumia ujumbe: nafasi ipo.

Tangu hapo amekuwa akijiandaa kuliko harusi yoyote aliyowahi kupiga. Ameazima taa ya pili. Ameshamsumbua Valentine kwa simu kuhusu betri mpya, na kijana ameahidi kumtafutia ya bei anayoimudu. Amekwenda mpaka nyumbani kwa kina Sabdio kutazama jua linaingilia dirisha gani saa kumi jioni. Baadaye, akipata nafasi, anataka kuwa na diski kubwa ya kuhifadhia na, miaka michache ijayo, chumba chake mwenyewe chenye mlango wa barabarani.

Lakini hayo yatasubiri. Kwa sasa mpango wake ni mmoja, na anaueleza akiwa ameshaigeukia kazi yake, mkono mmoja kwenye mashine.

"Nitaipiga harusi hiyo. Nitaipika hapa. Halafu nitamwita kabla hajasafiri, akae kwenye kiti hicho ulichokalia, nimwonyeshe yote mwanzo mpaka mwisho."

Na akinyamaza tena kama siku ile ya filamu ya Kinakomba?

Ikhlas anavuta kiti karibu na meza.

"Safari hii nitamuuliza."